Tulivyolipokea Basi la Kibondo

Nilipokuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota, nilipanda treni Kigoma kwenda Tanga kukata mkonge. Wakati ule kijana wa Kiha asiyekwenda mkonge alionekana kama mtu aliyefungiwa ndani na mama yake. Nilitoka kwetu Muyama kwa miguu, nina blanketi, mihogo ya kuchoma na kifurushi cha chumvi ya Uvinza. Ile chumvi mpaka leo sijui nilibeba ya nini, kana kwamba Tanga wanakula chukuchuku.

Ndani ya treni nilikaa na mtu mmoja mwenye jogoo. Jogoo aliwika kila kituo, hata vile vituo ambavyo treni haikusimama. Mwenyewe akaniambia anampelekea shemeji yake Morogoro. Tulipofika Tabora nikasinzia, kuamka jogoo hayupo. Yule mtu akanitazama. Hakuniuliza kitu, hakunitukana, alinitazama tu, mpaka Dodoma, mpaka Morogoro aliposhuka. Mimi jogoo sikumgusa. Lakini mtu akikutazama hivyo muda mrefu unaanza kujipapasa mwenyewe, unatafuta manyoya kwenye blanketi lako.

Huko mkonge nyapara wetu alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima. Asubuhi ya kwanza nikamkuta amesimama nje. Mimi nimelelewa. Nikainama, nikakunja viganja, nikapiga yale makofi yetu ya kusalimia, po, po, po, nikamuuliza ameamkaje, watoto wameamkaje, kwao ni wapi, yeye ni wa nani, baba yake bado yupo. Nyapara akawageukia wenzake akasema, "Huyu ananiomba hela au ananiroga?"

Walicheka mpaka wakaweka mapanga chini. Tangu siku ile nikipita naambiwa, "Muha! Po, po, po!" Mmoja akasema Kigoma ni mwisho wa reli kwa sababu treni nayo iliogopa kuendelea. Nikajifunza salamu zao: hujambo, sijambo, mtu ameshapita. Salamu fupi kama kukohoa. Niliporudi nyumbani baba alinikemea, akasema mkonge umenikata ulimi.

Nimeanzia mbali, najua. Nataka kusema habari ya jina la mahali, jinsi linavyokutangulia popote unapokwenda. Miaka ile dharau ilikuja kwa treni. Siku hizi inakuja kwenye simu. Mtu anakaa huko kwao, hajawahi kuiona Kasulu, anachekesha wenzake kwamba huku ni wakimbizi, majambazi na wachawi, na wanaomcheka ni maelfu. Na watumishi wanaopangiwa kazi huku wanaviona vichekesho hivyo. Alikuja muuguzi mmoja, binti wa watu, akashuka stendi, akatazama vumbi letu jekundu, akamuuliza kijana wa bodaboda kama ni kweli hapa watu wanaroga. Yule kijana, kwa utani, akamwambia, "Sio wote, dada." Binti akarudi na basi lilelile.

Habari hiyo ilimuuma sana mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, maana binti yule alikuwa awe mpangaji wake. Akatuita wakazi tukutane kwenye chumba chake cha chakula tuone namna ya kuusafishia mji jina. Aliita watu wa kila aina: wenye maduka, watu wa kanisa, watu wa msikiti, na sisi wazee wa salamu, kwa sababu harusini na msibani huwa tunawekwa mbele. Akawa mwenyekiti. Katibu akawa mwalimu wa chuo cha ualimu, mtu wa Mtwara, mwembamba, mpole, ameshakaa huku miaka mingi mpaka anakula ugali wa muhogo bila kuambiwa. Kikundi hakikupata jina. Tulibishana juu ya jina mpaka maandazi yakaisha, mama mwenyekiti akasema basi, tuanze kazi, jina litakuja.

Mmoja akasema tupake mawe chokaa. Mwingine akasema tupande maua. Mwingine akauliza maua yatawekwa wapi mbuzi wasiyafikie, na hapo tukapoteza muda mrefu kwenye mbuzi. Ndipo mwalimu akasimama.

"Mimi nilipofika hapa mara ya kwanza," alisema, "nilishuka stendi nimechoka, simjui mtu. Nilikuwa nimeamua nilale usiku mmoja kisha nitoroke kazi. Akaja bibi mmoja na beseni la ndizi kichwani. Akalitua. Akainama, akanipigia makofi, akaniuliza kwetu wapi, mama yangu mzima, baba yangu amelala wapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kaburi la baba yangu. Nililia pale pale mbele ya makondakta. Akanipa ndizi. Jamani, mnatafuta chokaa ya nini? Salamu ndiyo mali yenu. Tuwapokee wageni stendi kwa salamu, nirekodi, tuitume kwenye simu, nchi nzima ione."

Watu wakapiga makofi, safari hii yale ya kawaida. Mama mwenyekiti akauliza, "Na huyo bibi tutampata wapi?"

Mwalimu akanigeukia mimi, anatabasamu. "Ni mke wa mzee huyu hapa."

Nilitabasamu na mimi. Mdomo tu ndio uliotabasamu.

Hapa lazima nieleze. Mke wangu nilimpata Kibondo. Nilipoacha mkonge nilifanya biashara ya kupeleka chumvi huko, nikamkuta binti anaishi kwa shangazi yake, anacheka kwa kufunika mdomo. Alizaliwa ng'ambo, Burundi. Alivuka akiwa mgongoni mwa mama yake, watu wanakimbia. Hakumbuki mto wala njia, anakumbuka alivyosimuliwa. Baba yake hakuvuka. Wakati ule hakuna aliyeuliza mambo ya mpaka. Lugha karibu ni ile ile. Uliulizwa wewe ni wa nani, ukijibu vizuri unapewa kiti. Nikatoa ng'ombe, nikamleta Kasulu, tukazaa, tukazika wawili, tukaozesha waliobaki.

Sasa, lilipokuja zoezi la vitambulisho vya taifa, mimi nilipata. Yeye aliulizwa baba yake alizaliwa wapi na amezikwa wapi. Akajibu. Yule kijana wa mezani alikuwa na adabu, alimwita bibi, akamwambia asubiri, suala lake linahitaji kuangaliwa zaidi. Tumesubiri mpaka tumezoea. Lakini jirani yetu wa shambani kule Kitanga, mwenye habari kama yake, aliitwa uhamiaji kwenda kujieleza. Alikaa huko muda, akarudi, na tangu arudi haongei na mgeni ila mlango umefungwa. Sisemi alionewa, sikuwepo. Nasema nilivyomwona.

Kwa hiyo hofu yangu ni moja. Wasije wakamchukua mama huyu kwa uzee wake wakamvusha ng'ambo, mahali asipojua hata kisima kilipo, mimi nibaki natazama beseni lake. Kama mji umemsahau, heri usahau hivyo hivyo. Sasa mwalimu, kwa wema wake, anataka nchi nzima imkumbuke.

Nilipofika nyumbani alikuwa anapepeta maharage.

"Mwalimu amenikumbuka?" aliuliza nilipomweleza.

"Amekukumbuka."

"Yule mwembamba? Maskini, alikuwa analia kama mtoto."

"Anataka usimame stendi usalimie wageni, akurekodi, Tanzania nzima ikuone."

Akafunika mdomo, akacheka. "Nitavaa kile kitenge cha harusi ya mtoto."

"Hutavaa kitu. Huendi."

"Siendi kwa nini?"

"Mama, Tanzania nzima ikikuona, itakuuliza."

"Iulize. Nitajibu."

"Ndicho ninachoogopa. Utajibu."

Akaweka ungo chini. Mke wangu hapigi kelele, akikasirika anaongea polepole, unatamani apige kelele. "Mzee, mimi naenda sokoni, naenda kanisani, naenda kuwazalisha wake za watu. Kote huko sijifichi. Wewe unataka nijifiche mpaka lini? Nikifa utanizika kwa kujificha?"

Siku ya kikao kilichofuata nikajitia naumwa kiuno, nikidhani nisipokwenda mambo yatalala. Akanipikia uji, akanifunika blanketi, akavaa viatu, akaenda kikaoni yeye. Alirudi amechangamka, amepangiwa sehemu ya kusimama, karibu kabisa na mlango wa basi.

Nikamwendea mwalimu kwa siri. Nilimkuta chuoni, chini ya mti wa msederea, anasahihisha. Nikamwambia mke wangu ana haya, kamera itamtia homa. Mwalimu akacheka. "Mzee wangu, bibi yule? Haya? Jana kanifundisha mimi kuinama, kasema nainama kama mtu aliyeangusha sarafu." Nilitaka kumwambia ukweli. Ni mtu mwema. Lakini neno likishatoka kwako huwezi kulifuata kila linakoingia, na yeye ana mke, mke ana marafiki. Nikamwambia basi, sawa, nikaondoka.

Sasa salamu yenyewe. Kwetu salamu haina haraka na haina upande mmoja. Mimi nakuuliza, wewe unajibu. Kisha zamu yako, unaniuliza, mimi najibu. Unapiga makofi taratibu, mwanamke anainama zaidi. Unauliza nyumbani, ng'ombe, watoto, mzazi aliye hai na mzazi aliyelala. Na humo ndani hakuna anayedanganya. Sokoni tunadanganya, kwenye mambo ya wanawake tunadanganya, mimi mwenyewe nimedanganya juu ya kiuno. Kwenye salamu hapana, maana umetaja waliokufa, na ukiwataja kwa uongo ni kama umewahamisha makaburi.

Na kosa letu, kosa ambalo nadhani sisi tu ndio tungeweza kulifanya, lilikuwa humo humo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza maswali hayo yanasikikaje kwa mtu anayeshuka basi Kasulu, mji wenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pembeni na mpaka si mbali, mji ambao njiani kuja mtu ameshasimamishwa kwenye vizuizi akaulizwa hayo hayo na watu wenye kazi yao.

Tulichagua basi la asubuhi la kutoka Kibondo. Tulijipanga safu mbili kutoka mlangoni, akina mama na vitenge vya sare, sisi wazee na makoti. Mimi nilisimama nyuma ya mke wangu kabisa, karibu kumkanyaga. Kitenge cha harusi alikivaa, sare akaiacha nyumbani, na beseni lake la ndizi kichwani. Mwalimu akanyoosha simu yake. Makondakta wakaanza kuuliza kuna msiba gani.

Basi likasimama, vumbi likatufikia, mlango ukafunguka. Wa kwanza kushuka alikuwa bwana mmoja wa makamo, mnunuzi wa maharage, tulikuja kujua baadaye. Mama mwenyekiti hakutaka kumwachia mtu. Po, po, po!

"Karibu sana! Umetoka wapi? Kwenu wapi? Baba yako ni nani? Bado yupo? Unafikia kwa nani?"

Yule bwana akatazama safu upande huu, akatazama safu upande ule. Akaweka begi chini. Akatoa pochi, akatoa kitambulisho, akampa mama mwenyekiti kwa mikono miwili.

"Sijakuomba kitambulisho, baba. Nakusalimu."

"Najua, mama. Lakini kitazame tu."

Waliokuwa nyuma yake waliona kitambulisho kinapita mkono. Wakaanza kupapasa mifuko yao. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kwa kile Kiswahili cha Kongo, akaniuliza mimi kwa sauti ndogo, "Papa, ni kontrole? Minaenda ku hopitali tu, karatasi iko." Kabla sijajibu amesharudi ndani. Wengine wakaanza kushukia mlango wa dereva. Kijana mmoja alipitia dirishani, akaacha kandambili moja. Na wale wa bodaboda, wasiojali kitu duniani, wakapata siku yao.

"Babu, mmefungua uhamiaji siku hizi?"

"Oya, geuza, geuza! Msako huo!"

Alitania tu yule, lakini wenzake nusu hawana leseni. Pikipiki zikatawanyika stendi nzima kama kuku wameona mwewe. Mwalimu akapanda juu ya kreti ya soda anapunga mikono: "Jamani, ni salamu! Ni salamu tu!" Na kadiri alivyopiga kelele kwamba ni salamu, ndivyo watu walivyozidi kuvuta mizigo yao.

Mimi, nitasema ukweli, nilifurahi. Nilifikiri imekwisha. Nikamshika mke wangu kiwiko, nikamwambia twende, imeharibika. Lakini mwalimu alishuka kwenye kreti akaja mbio, amelowa jasho, akamwambia, "Bibi, nisaidie. Waonyeshe wewe. Wakikuona wewe wataelewa."

Na yule mnunuzi wa maharage, kumbe ni Muha wa kwetu kabisa, alikuwa amesharudisha kitambulisho mfukoni na anaona haya kwa kuwa ndiye aliyeanzisha. Akavua kofia. "Kumbe ni salamu ya nyumbani," akasema. "Basi mama, tusalimiane. Nilikuwa nimesahau."

Mke wangu akatua beseni. Akainama. Akapiga makofi, yale yake, ambayo hayana kelele, unayasikia kifuani. Akamuuliza. Yule bwana akajibu: ametoka Kibondo, watoto wazima, yeye ni wa fulani, mama yake yupo, baba yake amelala kijijini kwao kwenye kichuguu, juu ya shamba la kahawa. "Ego," mke wangu akawa anaitikia, "ego, ndiyo." Pikipiki zikazimwa. Yule mama wa Kongo akatoa kichwa dirishani, na mtoto wake naye. Kondakta alisimama na mzigo begani, amesahau kuushusha. Mwalimu alikuwa anarekodi, machozi yanamtoka tena, mtu wa machozi yule. Nami nikaona kwa nini wanataka nchi imwone. Nilimwona kama nilivyomwona Kibondo.

Kisha ikawa zamu ya yule bwana. Akainama yeye, akapiga makofi.

"Nawe mama, umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri."

"Nyumbani wazima?"

"Wazima."

"Wewe ni wa nani?"

Akataja jina la baba yake. Jina lile wapo wanaoitwa hivyo pande zote mbili za mpaka. Nikashusha pumzi. Mwalimu akasogea karibu zaidi na simu, ikawa karibu na uso wa mke wangu kama kioo.

"Na baba amelala wapi, mama?"

Alifumba macho kidogo, anavyofumba akiwataja wazee. "Baba yangu," akaanza, "baba yangu mimi amelala—"

Nilimshika mkono. Sisi watu wa huku hatushikani mikono barabarani na wake zetu, na nilimshika mbele ya mji mzima. Kwa mkono mwingine nikachukua beseni.

"Mzee, sijamaliza," alisema.

"Umemaliza."

"Mtu ameniuliza."

"Twende, mama."

"Mzee wetu!" mama mwenyekiti akapiga kelele. "Unampeleka wapi? Tunarekodi!"

"Babu ana wivu huyo!" akasema mmoja wa bodaboda, na stendi nzima ikacheka, hata yule mama wa dirishani. Yule bwana alibaki ameinama, viganja vimekutana, anasubiri jibu lake. Sikumwomba radhi. Tulipita katikati ya safu zetu mbili, tukapita nyumba ya wageni, tukapita kona ya mafundi baiskeli, mke wangu anageuka nyuma na mimi namvuta, mkono wake ndani ya wangu mgumu kama mpini.

Mwalimu alinifuata nyumbani mara kadhaa kuuliza kulikoni, nikamwambia ni kiuno, kisha akaacha. Kikaoni sikurudi. Stendi sijakanyaga tena, nisije nikadaiwa jibu la salamu ile. Nikiwa na safari ya Kibondo natembea mbele kabisa, nje ya mji, nalisubiri basi pembeni ya barabara, nalipungia mkono.